Bata Bandia wa Mbao: Sanaa ya Wachongaji na Wawindaji wa Amerika Kaskazini

Bata bandia wa mbao ni umbo la ndege lililochongwa ili lielee majini na kuwavuta bata wa kweli washuke kutoka angani, hadi karibu na mahali mwindaji alipojificha na bunduki yake. Hila hii inategemea tabia moja ya bata wa mwituni. Ni ndege wa makundi, na akitafuta pa kula au pa kupumzika hutazama kwanza wenzake wametua wapi. Penye bata waliotulia pana chakula, na hapana adui. Ulaya walijulikana zaidi bata hai waliofugwa ili wawaite wenzao kwenye mabwawa yenye mifereji ya nyavu. Kumchonga ndege wa uongo kwa mti kulikomaa Amerika Kaskazini, katika pwani ya Atlantiki kutoka Maine hadi Carolina Kaskazini, kandokando ya Maziwa Makuu, katika bonde la mto Illinois na kwenye vinamasi vya Louisiana.

Ujuzi wenyewe ni wa wenyeji wa bara hilo, tangu kabla ya kufika kwa Wazungu. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock jimboni Nevada, Llewellyn Loud na Mark Harrington walifukua bata bandia 11 waliotengenezwa kwa matete yaliyokunjwa na kufungwa kwa ustadi mkubwa. Baadhi yao walikuwa wamepakwa rangi na kuvikwa manyoya ya kweli, wengine walikuwa hawajamalizwa. Umri wao unakadiriwa kuwa takriban miaka 2,000, na bado ndege aliyeigwa anatambulika mara moja. Ni kanvasibeki, bata mzamiaji mwenye kichwa cha hudhurungi iliyoiva, kifua cheusi na mgongo mweupe. Aliyewatengeneza alijua ni alama zipi za bata huyo zinazoonekana kutoka mbali, akaziweka hizo na kuacha nyingine. Kanuni hiyo haijabadilika. Wapaiute wa Kaskazini, wenyeji wa eneo hilo, wameuendeleza ufundi huo wa matete hadi nyakati zetu. Walowezi waliofika pwani ya mashariki nao waliwinda kwa maumbo ya kuigiza, lakini matete hayastahimili mawimbi ya bahari msimu baada ya msimu, na kufikia mwanzo wa karne ya 19 bata bandia wa mbao alikuwa amekuwa kifaa cha kawaida cha watu wa pwani.

Bata mmoja wa mbao hamdanganyi mtu wala ndege. Kinachodanganya ni kundi zima na jinsi lilivyopangwa. Bata hutua akiukabili upepo, kwa hiyo mwindaji hupanga kundi lake akijua ndege watakuja kutoka upande gani, na huacha nafasi wazi ya maji katikati au pembeni ili wageni wapate pa kutua. Nafasi hiyo ndiyo anayoilenga. Wazamiaji kama kanvasibeki hukaa kwenye maji mapana na hutaka kundi kubwa, pengine mamia. Bata wa maji mafupi, wale wanaoinamisha vichwa na kubinua mikia juu wakitafuta mbegu chini, huridhika na dazeni moja au mbili kwenye kidimbwi. Vichwa navyo vina maana. Kundi ambalo kila ndege amenyoosha shingo ni kundi lililoshtuka, na bata wa angani analielewa hivyo. Ndiyo maana mchongaji mwenye akili huchonga wengine wakiwa wamelaza kichwa mgongoni kama waliosinzia, wengine wakijichokonoa manyoya, na wachache tu wakiangalia mbele. Wawindaji waliongeza pia ndege wasiowindwa. Shakwe, swani au kulasitara wa mbao aliwekwa kando ya kundi kwa sababu ni ndege waoga, na wakiwapo bata huondoa shaka.

Karne ya 19 iliifanya hila hiyo kuwa nguzo ya biashara. Ghuba ya Chesapeake, hasa mahali mto Susquehanna unapoingia karibu na mji wa Havre de Grace jimboni Maryland, palikuwa na mashamba makubwa ya nyasi za majini ambazo kanvasibeki huzipenda, na nyama ya bata aliyenenepa kwa nyasi hizo ilisifiwa katika hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York. Reli ilipofika, bata waliopigwa alfajiri waliweza kuwa sokoni mjini bila kuoza. Wawindaji wa biashara wakatafuta namna ya kuua wengi kwa mara moja. Walikuwako waliofunga kwenye mashua bunduki kubwa iliyotema nusu kilo ya marisau na zaidi kwa mlio mmoja. Walikuwako pia waliolala chali ndani ya sanduku lenye umbo la jeneza, limezama hadi ukingo wake kuwa sawa na uso wa maji, likizungukwa na mabawa ya mbao na turubai yaliyotuliza mawimbi. Juu ya mabawa hayo waliwekwa bata wa chuma cha kusubu, ambao uzito wao ulilishusha sanduku hadi kina kilichotakiwa. Kulizunguka sanduku walielea bata wa mbao 300, pengine 500. Kila mtambo wa namna hiyo ulihitaji idadi hiyo yote, na ndege walivunjika, walipotea na kutobolewa na marisau kila msimu. Mahitaji hayo ndiyo yaliyowapa wachongaji kazi ya kudumu.

Utengenezaji wenyewe unastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu uzuri wa ndege hawa umo katika sababu za kila mkato. Mti unaopendwa katika pwani ya Atlantiki ni mwerezi mweupe, ambao ni mwepesi, una nyuzi zilizonyooka, haupasuki ovyo na hauozi upesi majini. Msonobari mweupe hutumika pia, na Louisiana hutumia mizizi ya saipresi na mti wa tupelo, ambao ni mwepesi mno. Kigogo hukatwa kwa urefu wa bata, kisha hupunguzwa kwa shoka dogo hadi umbo la mwili lionekane. Hapo fundi hukibana kigogo na kuvuta kisu chenye mpini pande zote mbili, akielekea kwake, kuviringisha mgongo na mbavu. Tupa na msasa humaliza, ingawa wengi hawakumaliza kabisa, kwa kuwa alama nyembamba za kisu huvunja mng'ao wa jua.

Kichwa huchongwa peke yake kutoka kipande kingine. Si kwa kukosa mti mkubwa. Nyuzi za mbao lazima zifuate urefu wa mdomo. Zikikatiza mdomo, utavunjika siku ya kwanza ndege atakapotupwa mashuani. Kichwa hufungwa mwilini kwa msumari, skrubu au kijiti cha mbao, na maungio huzibwa kwa rangi nzito. Mahali pa hatari ni shingo, na mtu anayewafahamu ndege wa kale huitazama shingo kwanza. Kamba ya nanga ilipofungwa kuizunguka wakati wa kuwabeba, iliila rangi na kuacha pete ya mbao tupu, na pete hiyo ni ushahidi kwamba ndege alifanya kazi. Macho yalikuwa ya rangi tu, au vichwa vya misumari midogo, au ya kioo yaliyoagizwa kama yale ya wanasesere na wanyama waliokaushwa.

Kisha kuna suala la kuelea. Ndege anayelala ubavu huwafukuza bata badala ya kuwaita, kwa hiyo chini yake huwekwa farumi ya madini ya risasi au mkuku wa mbao wenye uzito. Ndege aliyetengenezwa vyema hata akitupwa majini tumbo juu hujigeuza mwenyewe. Ni jambo la lazima, si la madoido, maana mwindaji hutupa mamia kabla ya mapambazuko, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, na hana wakati wa kumsimamisha mmoja mmoja. Chini ya kifua hupigwa kipande cha ngozi cha kufungia kamba ya nanga.

Mwisho ni rangi, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wa kuchonga walishindwa. Rangi ya mafuta lazima iwe butu, isiyong'aa, kwa kuwa manyoya hayarudishi jua kama dirisha. Mistari myembamba ya kijivu iliyo mgongoni mwa bata dume hupatikana kwa kuburuta kitana juu ya rangi mbichi. Fundi hupaka nyeupe juu ya kijivu au kinyume chake, na meno ya kitana hufunua tabaka la chini kwa mawimbi madogo. Ukiutazama mgongo huo kwa karibu huoni unyoya hata mmoja uliochorwa. Ukirudi nyuma hatua kumi unauona mgongo wa bata. Katika nyumba za wachongaji kadhaa kazi hii ilikuwa ya mke, jambo ambalo vitabu vya zamani vililipita haraka. Robert Elliston wa Illinois alichonga na mkewe Catherine akapaka. Charles Perdew wa mji wa Henry katika jimbo hilohilo alifanya kazi namna hiyo na mkewe Edna. Ndege wa nyumba hizo mbili ni miongoni mwa waliopakwa vizuri kuliko wote, na sifa hiyo ni haki ya Catherine na Edna.

Wachongaji wa kila eneo walikuwa na mtindo wao, na tofauti hizo zilitokana na maji. Maine, ambako bahari ni kali na miamba ni mingi, mwili ni mpana na mzito, na kichwa hutumbukizwa katika shimo lililochimbwa mgongoni ili kisichomoke. Gus Wilson, mlinzi wa mnara wa taa, aliwapa ndege kama hao vichwa vilivyogeuka na midomo iliyobeba kome. Stratford jimboni Connecticut, Albert Laing alichonga mwili wenye kifua kilichoinuka na kujitokeza mbele, ili ndege apande juu ya barafu nyepesi badala ya kuikusanya. New Jersey, mwindaji alikwenda peke yake katika mashua ndogo bapa na kuiburuta juu ya matope, kwa hiyo uzito ulikuwa adui. Huko mwili ulipasuliwa vipande viwili, ukachimbwa kwa bobari hadi kuta zibaki nyembamba, kisha ukaunganishwa tena. Harry V. Shourds wa Tuckerton, ambaye pengine hakuna mchongaji wa mkono aliyemzidi kwa wingi wa ndege jimboni humo, alichimba kishimo cha mstatili tumboni na kumimina humo risasi iliyoyeyushwa. Kwenye mto Illinois maji ni tulivu na bata huwa na muda wa kuchunguza, hivyo ndege wa huko pia wana tumbo tupu na wamepakwa kwa makini. Sehemu ya juu ya Chesapeake, walipohitajika mamia kwa mtambo mmoja, ndege ni mzima asiye na uwazi, imara, aliyechongwa upesi, na hakukusudiwa kutazamwa peke yake. Anayemlinganisha ndege wa Havre de Grace na yule wa Illinois kwa urembo peke yake anamwonea wa Havre de Grace.

Visiwani Virginia, familia ya Cobb ilikuwa ikiokoa mali kutoka meli zilizovunjika, na Nathan Cobb alichonga miili kutoka kwenye vipande vya milingoti iliyoletwa na bahari. Vichwa vya bata bukini wake alivitoa katika mizizi iliyopinda yenyewe, akifuata mpindo wa mti badala ya kuulazimisha, ndiyo maana ndege wake wana mikao ambayo kisu hakingeibuni. Carolina Kaskazini, bata bukini na swani, ambao wangekuwa wazito mno wakichongwa kwa mbao tupu, walitengenezwa kwa fremu ya waya iliyovikwa turubai.

Pamoja na bata walichongwa ndege wa ufukweni wenye miguu mirefu, wa jamii ya sululu. Hao hawakuelea, walisimama juu ya kijiti kilichochomekwa mchangani. Aina za bati zinazokunjwa zilipata hataza Boston mwaka 1874. Mahitaji yalivutia pia viwanda. Kilichofanikiwa zaidi ni cha Mason, Detroit, kilichofanya kazi kuanzia 1896 hadi 1924. Miili ilikerezwa kwa mashine, kisha ikamaliziwa na kupakwa kwa mkono, na bei ikapangwa kwa daraja. Daraja la juu lilikuwa na tumbo tupu na macho ya kioo, la chini lilikuwa na macho ya rangi. Wapakaji wa Mason waliacha mizunguko ya brashi kifuani inayotambulika hadi leo, na ni kosa kuwadharau kwa sababu walilipwa mshahara.

Vitu hivi vilitumika kumwaga damu kupita kiasi, na anayevipenda hana budi kulitazama jambo hilo bila kupepesa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 makundi yalikuwa yamepungua mno. Sululu wa Eskimo, aliyepita Massachusetts kila mwaka kwa makundi makubwa na ambaye sanamu zake za mbao bado zipo, alipigwa karibu kumalizwa. Wa mwisho aliyethibitishwa aliuawa Barbados mwaka 1963. Sheria zilikuja polepole. Sheria ya Lacey ya 1900 ilizuia biashara kati ya majimbo ya wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Mkataba wa 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, uliwaweka ndege wahamao chini ya ulinzi wa pamoja, na sheria ya 1918 iliyoutekeleza ilikomesha kuuza bata wa mwituni sokoni. Kufikia 1928 uwindaji wa karibu ndege wote wadogo wa ufukweni ulikuwa umekwisha, na mwaka 1935 vilipigwa marufuku masanduku ya kuzama na matumizi ya bata hai kama vivutio. Mwindaji wa burudani mwenye leseni alibaki, na bado anatumia bata bandia, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki iliyosubiwa ilichukua nafasi ya mwerezi.

Mchongaji hakutoweka, ila mteja wake alibadilika. A. Elmer Crowell wa East Harwich, Massachusetts, aliyeishi kuanzia 1862 hadi 1952, alisimama katikati ya zama hizo mbili. Alikuwa mwindaji, akatunza kambi ya kuwindia ya tajiri mmoja pamoja na bata wake hai, na kwa miaka mingi aliwatazama ndege kwa ukaribu ambao mchoraji wa mjini hakuwa nao. Alipogeukia uchongaji kama kazi kamili, takriban 1912, alipaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi ili kingo zichanganyike kama manyoya yanavyolaliana. Alichonga kwa ajili ya maji na pia kwa ajili ya kabati, pamoja na ndege wadogo wa mapambo. Mojawapo ya kazi zake kuu ni dume wa bata mwenye mkia mrefu uliochongoka, yule anayeitwa na wanasayansi Anas acuta, akijichokonoa manyoya. Wasomaji wa Kenya wanaweza kumwona bata wa aina hiyohiyo Naivasha au Nakuru, wakati ndege wa Ulaya na Asia wanapokimbia baridi.

Aliyewafanya watu waone sanaa ndani ya kifaa hiki ni Joel Barber, msanifu majengo wa New York. Mwaka 1918 alikuta bata wa kale wa mbao katika banda la mashua, akamchukua, na tangu hapo akakusanya, akapima na kuchora. Maonyesho ya kwanza yalifanyika Bellport, kisiwani Long Island, mwaka 1923, na kitabu cha Barber kilitoka mwaka 1934. Mkusanyiko wake sasa uko katika Makumbusho ya Shelburne, Vermont. Wakusanyaji Adele Earnest na William J. Mackey walichapisha vitabu vyao kuhusu ndege hao mwaka 1965, na mnada wa mkusanyiko wa Mackey mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulifungua soko la fedha nyingi. Mwaka 2007 ndege wawili wa Crowell, yule dume mwenye mkia mrefu na bata bukini mmoja, waliuzwa kwa dola milioni 1.13 kila mmoja.

Bei hizo zimeleta ulaghai, na ulaghai umeleta uchunguzi. Eksirei huonyesha msumari mpya ndani ya shingo ya kale. Mwanga wa urujuanimno hufichua mahali rangi ilipoguswa upya. Rangi ya asili ndiyo adimu, kwa sababu wawindaji waliwapaka ndege wao tena kila baada ya misimu michache bila kumuuliza aliyewachonga. Chapa ya mwenye mashua, iliyochomwa tumboni kwa chuma cha moto, huwasaidia wachunguzi kufuatilia ndege alitumika wapi.

Crisfield, Maryland, ndugu wawili waliokuwa vinyozi, Lem na Steve Ward, waliipeleka kazi hadi mwisho wake wa kimantiki. Steve alichonga zaidi, Lem alipaka zaidi, wakianza na ndege wa kazi na kumalizia na ndege wa mapambo ambao hawakukusudiwa kulowa. Taasisi yenye jina lao iliundwa mwaka 1968, na mashindano yake ya dunia ya kuchonga yalianza mwaka 1971. Huko Havre de Grace, R. Madison Mitchell, aliyeendesha shughuli za mazishi mjini, alifundisha vijana wengi karakanani kwake, na makumbusho ya bata bandia ya mji huo yakafunguliwa mwaka 1986.

Mashindano ya leo yana makundi mawili makuu. Katika kundi la mapambo, kila unyoya huchomwa kwa kalamu ya umeme hadi mtazamaji ashindwe kuamini kwamba ni mbao; ustadi ni mkubwa, lakini ndege hao hawana tena haja ya kuelea. Katika kundi la ndege wa kazi, waamuzi huwatia majini. Humlaza ndege chali ili waone kama atajigeuza, humtazama jinsi anavyopanda na kushuka juu ya wimbi, kisha hurudi nyuma na kumpima kutoka mbali.